Reli za Dar hazifanani

Mtu akikosa treni ya Kigoma, utasikia akishauriwa: "Wahi stesheni ya TAZARA, itapita pale." Haipiti. Wengi hudhani reli za Dar es Salaam ni moja yenye stesheni nyingi, ilhali ni tatu, na treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Upana wake, chuma hadi chuma, ni milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, ina milimita 1,067, ili mabehewa yaingie Zambia na kuendelea kusini bila kubadilishwa. Tofauti ni milimita 67, karibu urefu wa kidole chako cha shahada, lakini inatosha kuangusha behewa. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo zinapokutana, mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kazi kweli!

SGR, yaani reli ya kisasa, ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, ni pana zaidi: milimita 1,435. Nayo haikujengwa juu ya njia ya Mjerumani. Ile ya zamani ingalipo.