Makofi Hayapimi Kujifunza: Dhana Potofu Kuhusu Kuchangamsha Darasa la Tano Hadi la Saba

Pita nje ya shule ya msingi yoyote hapa Tanga asubuhi, iwe Makorora au Sahare, na utasikia darasa zima likiitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Mimi hufundisha madarasa ya juu, nimekaa kwenye semina za ufundishaji shirikishi, na wazo lenyewe nalipenda kwa dhati. Ila limezungukwa na imani ambazo walimu tunarithishana ofisini bila kuzihoji. Zinawaumiza zaidi watoto wa miaka 10 hadi 13, kwa sababu huo ndio umri ambao mtoto huanza kuona haya mbele ya wenzake. Anaweza kumaliza muhula hajatamka neno darasani na asiwepo aliyegundua.

"Darasa lenye sauti ndilo linaloshiriki"

Kuitikia kwa pamoja kuna mahali pake, hasa kwenye jedwali la kuzidisha. Lakini watoto kumi wakijua jibu, sauti zao zinatosha kuwafunika thelathini wasiojua. Swali la "Mmeelewa?" halipati jibu la hapana hata siku moja.

Jaribu hili: andika ubaoni theluthi moja na robo, kisha waambie wote waandike ipi kubwa na wainue madaftari. Darasa litakuwa kimya, na ndani ya nusu dakika utaona wangapi wameandika robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Kosa hilo lina mantiki kamili kichwani mwa mtoto. Haliondoki kwa kumwambia amekosea. Linaondoka akikata machungwa mawili ya Muheza, moja vipande vitatu sawa na jingine vinne, akashika vipande hivyo mkononi. Yupo pia ambaye kwao dukani unga hupimwa kwa kibaba. Huyo ukimkumbusha kwamba vibaba vinne ndiyo pishi moja, ataieleza robo vizuri kuliko kitabu.

"Anayejua hunyoosha kidole haraka"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo tunapowapoteza watoto wengi. Mwalimu anauliza, vidole vinne vya mbele vinapanda, anachagua kimoja, jibu ni sahihi, "Mpigieni makofi!", somo linasonga. Waliokuwa bado wanalisoma swali wameachwa njiani. Ikijirudia kila siku, wanajifunza kwamba maswali si yao.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitokeza, na wa kunyamaza au kusema "sijui" walipungua. Sekunde tatu hazigharimu chochote. Ugumu wake uko kwa mwalimu, kwa sababu ukimya unamtisha. Anahisi kama somo limemponyoka.

Kinachosaidia ni mpangilio ambao Frank Lyman, Mmarekani pia, aliupa jina mwaka 1981: kila mmoja afikiri peke yake, kisha azungumze na jirani yake, ndipo darasa lisikilizane. Mtoto mwenye haya anapata kulijaribu jibu lake kwa mwenziwe wa dawati moja kabla ya kulitoa hadharani. Baada ya hapo mwalimu anamtaja yeyote, hasubiri vidole. Na namsihi kila mwalimu alisimamie hili: akikosea mtu asichekwe. Kicheko kimoja tu darasa la sita kinaweza kumnyamazisha binti mpaka amalize la saba. Anayekosea aulizwe, "Umefikaje hapo?", na wenzake wasaidie kutafuta njia ilipopinda.

"Ni mbinu za madarasa madogo"

Nalisikia mara nyingi, na walimu wanaolisema hawatafuti visingizio. Kiwango kilichowekwa nchini ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini tunajua shule zenye 80 na zaidi chumba kimoja, watatu au wanne dawati moja, na kipindi ni cha dakika 40. Kuwahamisha watoto 80 wakae kwa duara ni kupoteza robo ya kipindi.

Usiwahamishe. Mazungumzo ya jirani na jirani hayahitaji kusogeza hata kiti. Ukitaka vikundi, dawati la mbele ligeuke lilitazame la nyuma, basi. Kinacholemaza vikundi zaidi ni kazi moja kwa watu wanane: mmoja anaandika, mmoja anamtazama, sita wanapiga soga. Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alikabiliana na hilo mwaka 1971 huko Austin, Texas, kwa kugawa somo vipande na kumpa kila mtoto kipande ambacho wenzake hawana. Mada ya mkonge inagawika hivyo vizuri sana hapa kwetu. Wa kwanza asome jinsi Richard Hindorf alivyouleta pwani yetu mwaka 1893, wa pili jinsi jani linavyokuwa singa, yaani nyuzi za mkonge, wa tatu reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo, wa nne matumizi ya singa leo. Kisha kila mmoja awafundishe wenzake. Mwishoni kila mtoto ajibu maswali peke yake kuhusu vipande vyote vinne. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayomfanya kila mmoja asikilize, na ndiyo tunayoirukaruka.

"Mtoto hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachotenda"

Asilimia hizi hubandikwa ukutani na hutajwa karibu kila semina, huku zikihusishwa na Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Mchoro wake wa mwaka 1946, wa koni inayopanga njia za kujifunza, haukuwa na tarakimu hata moja. Ziliongezwa baadaye na watu wengine, bila utafiti nyuma yake. Ndugu yake ni ile imani kwamba kuna watoto wa kuona, wa kusikia na wa kushika, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti hizo mwaka 2008, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha wa kugawa watoto namna hiyo. Ramani ya Pangani inahitaji macho kwa mtoto yeyote yule. Shairi linahitaji masikio.

"La saba ni mtihani, michezo na matembezi ni ya wadogo"

Mtoto wa Mwambani au Chongoleani anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla hajaanza shule. Darasani anaketi kukariri awamu za mwezi kana kwamba ni mambo ya nchi nyingine. Wape kazi ya wiki mbili: waandike saa ya maji kujaa kila siku, kwa kuangalia wenyewe au kwa kuwauliza wavuvi wa Deep Sea, na pembeni waandike tarehe ya mwezi mwandamo, ambayo wengi wanaijua kutoka chuoni, yaani madrasa. Wachore grafu. Wataona wenyewe kwamba kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, na kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hapo umepata sayansi, jiografia, kutoa saa na dakika, na kusoma grafu, yote yakiwa kwenye muhtasari wa somo. Wanaokaa mbali na bahari, kama wa Ngamiani, waunganishwe na wenzao wenye wazazi wavuvi.

"Jaribio ni la kutoa alama"

Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari ya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliwashinda waliojaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Kwa hiyo dakika tano za mwanzo wa kipindi zitumike kwa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Vitabu vimefungwa, kila mtoto anaandika, jirani anasahihisha, na alama haziingii kwenye daftari la mwalimu. Mwalimu anaondoka na jambo moja tu: ni swali lipi wengi wamelikosa, ili kesho aanze nalo.