Wageni wa misheni na watoto wetu: yanayosemwa na yalivyo

Ikifika Juni, makanisa mengi ya Kisumu, Vihiga na Nakuru huanza kupaka rangi kuta. Wageni wako njiani: vijana wa kanisa fulani la Marekani au Uingereza, na ratiba ya mwezi mmoja wa kuhudumia watoto. Wengi wao wana moyo safi, sina shaka. Shida ni yale wanayoyaamini kabla hawajapanda ndege, na yale tunayoyaamini sisi tunaowapokea. Yetu ndiyo hayasemwi sana, kwa hiyo nitayachanganya yote hapa.

"Watoto wa makao ni yatima."

Hii ndiyo iliyozaa nyingine nyingi. Fuatilia habari za watoto katika makao mengi ya kulelea watoto, utakuta huyu ana mama Nyalenda, yule ana nyanya Bondo, mwingine baba yake ni kibarua katika mashamba ya maua Naivasha. Kilichomleta ni karo, njaa, au ahadi kwamba atasomeshwa bure. Ni kweli Nyanza ilizika watu wengi mno kwa sababu ya Ukimwi miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kabla dawa za ARV hazijaenea, na watoto wengi wakaachwa. Lakini hata wakati huo waliobeba mzigo wa malezi ni nyanya, shangazi na wajomba. Makao yaliongezeka pia kwa sababu wafadhili walipenda kuona watoto wamekusanywa mahali pamoja. Nyanya anayelea wajukuu watano huko Siaya havutii kwenye jarida la kanisa la ng'ambo.

Serikali imeshalishughulikia jambo hili. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Sheria ya Watoto ya 2022 ikatanguliza malezi ya familia, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwa jamaa zao hatua kwa hatua. Kisumu ni kati ya kaunti zilizotangulia kufanya kazi hiyo. Sasa wageni wanapowasili na sanduku la peremende kuja "kuwapenda yatima", wanaenda kinyume na kazi ambayo maafisa wa watoto wanaifanya mwaka mzima.

Kuna na lile la kukumbatia. Mgeni anashuka garini, watoto wanamkimbilia, wanamning'inia shingoni, naye analia kwa furaha: wamempenda mara moja! Mtoto aliyelelewa vizuri hamkimbilii mtu asiyemjua. Kwanza hujificha nyuma ya leso ya mama yake, akamchungulia. Wataalamu wa malezi wanaujua huo ukaribu wa haraka kwa kila mpita njia: mara nyingi ni alama ya mtoto aliyebadilishiwa walezi mara kwa mara. Kila kikundi kinachoondoka baada ya wiki nne kinaongeza mtu mmoja zaidi wa kuagwa.

Msimamo wangu ni kwamba wageni wasipelekwe makao kabisa. Waende shule ya Jumapili, ambako ibada ikiisha kila mtoto anarudi kwao. Wanaonisomea Yakobo 1:27 wausome hadi mwisho. Mtume anataja yatima na wajane pamoja, na mara nyingi huyo mjane ndiye mama wa huyo mtoto.

"Watoto wa huku hawajasikia Injili."

Katika sensa ya 2019, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walijitaja kuwa Wakristo. Wamisionari wa dhehebu la Wakweka (Quakers) kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, Vihiga, mwaka 1902, na shule ya Maseno ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1906. Watoto husoma somo la dini ya Kikristo darasani, na mtoto wa miaka minane kutoka Kondele anaweza kumshinda mgeni wake kwa mistari ya kukariri. Nimeona ikitokea, na mgeni akacheka vizuri tu.

Hao wa Kaimosi, kwa makosa yao yote, walikaa miaka na kujifunza lugha. Biblia ya Lulogooli, lugha ya Wamaragoli wa Vihiga, ilitokana na kazi ya mmisionari Emory Rees akiwa pamoja na Joel Litu, mwalimu mwenyeji, na haikuwa kazi ya likizo. Mgeni wa mwezi mmoja atahitaji mkalimani, na somo la nusu saa linabaki robo saa. Mwalimu wa Kisumu anachanganya Dholuo na Kiswahili bila hata kufikiri. Wa Kaptembwo, Nakuru, ana watoto wa makabila sita kwenye mkeka mmoja na wote wanamwelewa. Huyo mwalimu hajapungukiwa na imani. Amepungukiwa na vitabu, mafunzo, na wakati mwingine nauli ya matatu, kwa kuwa anajitolea. Basi mgeni na awe msaidizi wake: agawe karatasi, apange michezo, afundishe wimbo. Na Mumias au Kendu Bay, ambako Waislamu wapo tangu zamani, mtoto asiitwe kwenye mkutano bila mzazi wake kujua.

"Juni na Julai ndio wakati mzuri."

Mzuri kwao, kwa sababu shule na vyuo vyao vingi vimefungwa. Huku ni muhula wa pili. Ndiyo maana unakuta darasa zima limetolewa kwenye hesabu asubuhi ili liwaimbie wageni. Likizo yetu iko Agosti, halafu Novemba na Desemba. Kubadilisha tarehe hakugharimu chochote wakiambiwa mapema, lakini sisi tunaona haya kuwaambia.

"Mtu wa Mungu hawezi kumdhuru mtoto."

Hii ni yetu, na ndiyo ya hatari kuliko zote. Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru, kulikuwa na Mwingereza aliyeendesha shirika la kuleta walimu wa kujitolea, akijulikana kama mfadhili wa watoto wa mitaani. Mwaka 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani kwa kuwadhulumu wavulana kingono, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 17. Mkaribishaji anayesema "lakini wametumwa na kanisa" hajasema kitu. Aombe cheti cha polisi cha nchi anakotoka kila mgeni, asiruhusu mtu mzima yeyote kukaa peke yake na mtoto, mwenyeji akiwemo, na namba ya bure ya watoto, 116, ibandikwe mahali watoto wanapoweza kuisoma.

"Picha ni kumbukumbu tu."

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kanisa haliko juu ya sheria.

"Huku kote ni malaria."

Kandokando ya ziwa, ndiyo: wageni wameze dawa za kinga, walale kwenye neti, na wasiogelee ufuoni Dunga, Kisumu, kwa sababu ya kichocho. Nakuru iko juu sana na Julai ni baridi. Huko sweta ndiyo itakayowasaidia zaidi.

"Mzungu akija, karo imepatikana."

Wengi wa vijana hao ni wanafunzi. Tiketi imetoka kwa harambee za kwao: barua kwa shangazi, keki zilizouzwa baada ya ibada, magari yaliyooshwa. Mzazi anayemsukuma mtoto mbele ili "apate mdhamini" anamweka sokoni, na mgeni anayeahidi karo kwa huruma ya siku moja husahau akifika kwao. Ahadi ipitie kwa wazee wa kanisa, kwa maandishi, au isitolewe.

"Wanakuja kama watalii, inatosha."

Tangu Januari 2024 wageni huomba idhini ya kusafiri mtandaoni badala ya viza, na wengi hujaza kwamba wanatalii. Anayefanya kazi Kenya, hata bila malipo, anahitaji kibali: pasi maalumu kwa muda mfupi, au kibali cha daraja la I kwa wanaotumwa na mashirika ya dini na ya hisani. Barua ya mwaliko iandikwe mapema. Afisa wa uhamiaji hatababaishwa na "tunatembea tu" kutoka kwa watu kumi na wawili waliovaa fulana zilizoandikwa jina la kanisa na mwaka wa misheni.