Pikipiki za kasi za zamani: stori za kijiweni na ukweli wake

Zikitajwa tu pikipiki za kasi za miaka ya 60, 70 na 80 watu wanagawanyika makundi mawili, hawa wanasema yale yalikuwa makopo, wale wanasema hazitatokea tena mashine kama zile. Mi naona wote wanahangaika na namba za spidi bure, utamu wa zile pikipiki ulikuwa kwenye kazi unayopewa ukishakaa juu yake. Haya, tuzichambue hizo stori.

Dhana: zamani hakukuwa na mwendo

Jamani. Vincent Black Shadow ya Uingereza imetoka 1948 na ilikuwa inafika kama kilomita 200 kwa saa. Mwaka huohuo jamaa anaitwa Rollie Free aliipeleka Vincent kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, kule Utah Marekani, suti yake ya ngozi ikachanika kwa upepo, basi akaivua yote akabaki na bukta ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya mashine miguu imenyooka nyuma kama samaki, akapiga kilomita 241 na ushee. Na bukta! Picha yake ipo mpaka leo, kila mwenye pikipiki anaijua.

Mwendo ulikuwepo, shida ilikuwa kusimama. Breki za drami, zile ambazo shuu zinabana kwa ndani ya drami la gurudumu, zikipata moto drami linatanuka linazikimbia breki shuu, unabana lakini mkono unaingia tu ndani. Ndo maana Honda CB750 ya 1969 iliwashtua watu, wengi wanakumbuka silinda zake 4 wakati breki ya diski ya mbele ndo ilikuwa habari yenyewe kwa mtu anayetaka kufika.

Dhana: cc kubwa ndo kasi

Dereva wa mbio Mwingereza Mike Hailwood alibeba ubingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 1966 na 1967 akiwa na Honda RC166, cc 250 zimegawanywa kwenye silinda 6. Pistoni zenyewe ndogo kama vikombe vya kahawa, na kwa sababu ni nyepesi zilikuwa zinazungushwa mpaka kama resi, yaani mizunguko ya injini, elfu 18 kwa dakika. Mlio wake utafute usikilize mwenyewe, siwezi kuuandika.

Dhana: hospawa (nguvu za farasi) 60 leo ni utoto

Hapa ndo pana utamu. Kawasaki H1 Mach III ya 1969, cc 500, silinda 3, tustroki (injini inayowaka kila pistoni ikipanda juu), ilikuwa na hospawa 60 tu, leo mashine ya lita moja inatoa 200 na mtoto wa jana anaiendesha. Sasa kwa nini ile H1 waliipa jina la mfanya wajane?

Sababu iko kwenye jinsi nguvu inavyokuja. Angalia bomba la moshi la tustroki ya kasi, hasa zile za mbio, limevimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Lile sio pambo. Moshi ukitoka kwa kishindo unaenda unagonga pale bomba linapoanza kubana, wimbi linarudi mpaka kwenye tundu la silinda na kuisukuma ndani petroli iliyokuwa imeshaanza kutoroka, hapo silinda inashiba kupita kiasi chake. Lakini wimbi lazima lifike kwa wakati. Resi zikiwa chini linafika vibaya, injini inakohoa kama mzee asubuhi, halafu resi zikipanda wimbi na pistoni vinapatana ghafla na nguvu zote zinamwagika kwa mkupuo. Weka hiyo kwenye fremu nyembamba inayojipinda, uzito umekaa nyuma, drami mbele, halafu uwe katikati ya kona.

Mara ya kwanza napewa tustroki kubwa ya zamani mwenye nayo aliniambia neno moja, "subiri". Nikawa najiuliza nisubiri nini, mbona imelala hivi, nikaongeza mafuta tena, ikaamka, tairi la mbele likaondoka chini na mimi nikawa nimening'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Hospawa zake sikuwahi hata kuuliza.

Na hiyo siri ya bomba ina historia yake. Aliyeifikisha mbali kuliko wote ni injinia Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, kampuni haina hela lakini pikipiki zinatisha. Mwaka 1961 dereva wake Ernst Degner akatoroka nchi baada ya mbio za Sweden, akaenda na ujuzi wake Suzuki, na 1962 akawapa ubingwa wao wa kwanza wa dunia, daraja la cc 50. Baada ya hapo Wajapani wakapaa.

Dhana: ukiona hatari ilaze chini pikipiki

Hii mpaka leo watu wazima wanaisimulia kwa kujisifu. Mpira wa tairi unang'ang'ania lami, chuma na plastiki vinateleza, kwa hiyo ukiilaza umeitupa breki yako bora na bado unaenda kugonga kilekile ulichokuwa unakikimbia, safari hii ukiwa chali. Nadhani stori ilitoka enzi za drami dhaifu na za mbio za udongo, ambako kwa miaka mingi pikipiki hazikufungwa breki kabisa. Ndugu yake ni ile ya "usiguse breki ya mbele itakurusha". Ukibana, uzito unahamia mbele, na tairi la mbele ndo linafanya kazi kubwa ya kusimamisha. Inayorusha ni kuidaka ghafla, iminye taratibu kisha ongeza.

Dhana: kugusisha goti chini kwenye kona ni mbwembwe

Kidogo ni kweli haha. Ila ukiutoa mwili upande wa ndani wa kona, mashine yenyewe haihitaji kulala sana kwa spidi ileile. Jarno Saarinen wa Finland alifanya hivyo mapema miaka ya 70, Kenny Roberts ndo akaifanya iwe mtindo wa kila mtu.

Dhana: wale walikuwa vichaa, hawaogopi kufa

Kisiwa cha Isle of Man, kati ya Uingereza na Ireland, njia ya mbio za TT (Tourist Trophy) ina kilomita 60.7 za barabara za kawaida, kuta, nyumba, nguzo, na waliokufa pale tangu mwanzo wanazidi 250. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti alikufa pale, na rafiki yake Giacomo Agostini, huyu wa mataji 15 ya dunia, akasema harudi tena na hakurudi kushindana. Wengine nao wakagoma, na baada ya 1976 TT ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Vichaa hawagomi. Halafu 1978 Hailwood anarudi palepale akiwa na miaka 38, baada ya miaka 11 bila kugusa TT, na anashinda na Ducati, hapo mi sina maelezo.

Dhana: vidole viwili juu ya klachi ni madoido

Tustroki inapata oili pamoja na petroli. Ukifunga mafuta huku injini bado inazunguka kwa kasi, oili nayo inakauka, pistoni inatanuka inashika silinda, tairi la nyuma linaganda palepale na uko kilomita 150. Una nafasi ndogo sana ya kuikata klachi, kwa hiyo vidole vinakaa pale muda wote. Na mtu wa tustroki akishuka mlima mrefu utamsikia anavuta mafuta kidogokidogo, ing, ing, ing, wala hataki mwendo, anainywesha injini oili.