Je, wajua? "Chawa" wa nyuki si chawa, ni mtoto wa mbawakawa

Baraza ya nyumba yetu Shela, kisiwani Lamu, ina boriti moja ambayo duduvule wameitoboa mpaka imekuwa kama filimbi. Duduvule ni yule nyuki mnene mweusi anayevuma kama injini ya mashua, na kila asubuhi chini ya tundu lake huwa pana unga wa mbao. Siku moja mtoto wa ndugu yangu aliokota mmoja aliyekufa, akaona vijidudu vimemganda kiunoni. "Ami, kumbe nyuki nao wana tawa?" Tawa ndiye chawa kwa Kiamu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: wanao, kila kiumbe ana chawa wake.

Nilikosea. Chawa wa kweli huishi kwenye ndege na kwenye wanyama wanaonyonyesha, basi. Mdudu hana chawa. Hata Braula, ambaye wafuga nyuki wa nchi nyingi humwita chawa wa nyuki, ni nzi aliyepoteza mabawa.

Faraja yangu ni kwamba walionitangulia kukosea walikuwa watu wazito. Mwaka 1802 William Kirby, kasisi wa Kiingereza aliyeandika kitabu kizima juu ya nyuki wa kwao, alikuta kijidudu chembamba kimeshika manyoya ya nyuki, akakitia katika jenasi (kundi la aina zilizo karibu) ya chawa na kukiita Pediculus melittae. Mwaka 1828 Mfaransa Léon Dufour akaona kwamba kila mguu wa kijidudu cha namna hiyo unaishia kwa kitu kama kucha tatu. Akakiundia jenasi mpya, Triungulinus. Kumbe jenasi nzima ilikuwa ya watoto wachanga! Ni kama kumwona kiluwiluwi wa chura ukamwandika katika daftari la samaki.

Wazazi wa watoto hao ni mbawakawa wa familia ya Meloidae, wale wenye sumu ya kantharidini inayotoa malengelenge mtu akiwaponda kwenye ngozi. Aliyelima kunde au bamia huenda amewaona wamekaa juu ya maua wakiyatafuna, weusi wenye mikanda myekundu au ya manjano. Mkubwa na mtoto hawafanani hata kidogo, ndiyo maana jamaa zao hawakutambulika.

Sasa, mtoto wa mbawakawa anatafuta nini mgongoni mwa nyuki? Hamnyonyi. Anataka kufikishwa nyumbani kwa huyo nyuki. Mama hutaga mayai kwa maelfu, akaondoka. Mtoto akianguliwa ana miguu hodari lakini hajui njia ya kwenda kwenye kiota, na chakula chake kimo humo. Basi hufanya walivyofanya vijana wengi wa pwani walioitamani Ulaya: huzamia. Hupanda juu ya ua, akangoja, na chochote chenye manyoya kikitua hukikamata. Mara nyingi ni chombo kisicho chake, nzi au nyuki wa aina nyingine, na safari huishia kifo. Ndiyo sababu ya yale maelfu ya mayai.

Tatizo jingine ni nyuki dume, maana hana kiota cha kurudi. Anayetoka Lamu kwenda Malindi anaelewa haraka: boti itakufikisha Mokowe tu, pale ushuke upande basi. Dume ndiye boti, jike ndiye basi, na jeti, yaani gati, ni pale wanapopandana. Mzamiaji huvuka hapo.

Katika jangwa la Mojave, Marekani, watoto wa Meloe franciscanus hawangoji bahati. Watafiti waliripoti mwaka 2000 kwamba hujikusanya kwa mamia kwenye bua la nyasi hadi wakaonekana kama nyuki jike mmoja, na ilibainika kuwa hutoa harufu inayofanana na yake. Dume huja na shauku zake, akaondoka amejaa abiria.

Kiotani, mtoto hubadilika. Mtafiti wa wadudu Jean-Henri Fabre alilifuatilia jambo hili kusini mwa Ufaransa kwa mbawakawa aitwaye Sitaris, akaliandika mwaka 1857. Chumba cha mtoto wa nyuki kimejaa asali, na juu yake linaelea yai. Mzamiaji akiigusa asali hiyo, atazama. Hushukia juu ya yai lenyewe, akalifanya dau lake, na humo safarini analila dau. Likiisha, naye ameshajivua ngozi na kuwa buu nene linaloelea juu ya asali na kuinywa bila hatari. Ile miguu ya kukimbilia haina kazi tena.

Visa hivi viwili visishonwe vikawa kimoja: harufu ni ya yule wa Mojave, dau ni la Sitaris. Na wengine katika familia hiyohiyo hawapandi nyuki kabisa. Watoto wa Mylabris hufukua ardhini na kula mayai ya panzi, kwa hiyo mkulima anayewalaani kwa maua yake ana deni dogo kwao.

Je, huyu ni kimelea? Kwa hesabu yangu ni mdoezi anayemuua mtoto wa mwenye nyumba kwanza, ndipo akae mkekani. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina wanakaribia aina 400,000, na wenye maisha ya kimelea ni wachache, waliotokea katika familia mbalimbali. Platypsyllus castoris, anayeishi kwenye manyoya ya biva, mnyama mgugunaji wa majini, katika mito ya kaskazini, alipoelezwa mwaka 1869 alitatiza wataalamu hata mmoja akamtengea oda, yaani kundi kubwa kuliko familia, ya peke yake. Naye ni mbawakawa tu.

Duduvule wa Afrika nao wana mdoezi wao, mbawakawa wa jenasi Synhoria, ambao watoto wao hukulia katika viota vyao. Nilipolijua hilo nilimwita mtoto, nikamsimulia habari yote ya uzamiaji, dau na jeti, kisha tukamtoa duduvule wetu kwenye kibiriti na kumkuza kwa kamera ya simu. Mtoto wa mbawakawa ana miguu sita. Utitiri ana minane, na duduvule majike wengi huwabeba utitiri katika kifuko kilichopo mwanzoni mwa tumbo, palepale kiunoni.

Mtoto alihesabu kwa kidole juu ya kioo, polepole, mara mbili.

"Minane, ami."