Bunduki ya mitutu miwili: kaliba, mjazo wa risasi na usalama wa anayetangulia mbele

Siku ya kwanza kambini, kabla gari halijaingia porini, mgeni wa uwindaji wa kitalii hupelekwa kupima bunduki yake. Baadhi ya wageni huona ni kupotezewa muda. Sisi tunaofundisha askari wa wanyamapori matumizi ya silaha tunaiona saa hiyo kuwa muhimu kuliko nyingine zote za safari.

Msimu mmoja wa kiangazi, kwenye kitalu cha upande wa Selous, alikuja mgeni na bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .470 (namba hii hutaja kipenyo cha risasi kwa inchi, kwa kukadiria) aliyorithi kwa baba yake. Alikuwa na maboksi mawili ya risasi. La kwanza lilikuwa na vichwa vya risasi vyenye uzito wa greni 500, yaani gramu 32 na ushei. La pili lilikuwa na vichwa vyepesi zaidi, na muuzaji alikuwa amemwambia vinakwenda kasi. Tulibandika karatasi kwenye kichuguu, tukahesabu hatua 50. Kwa boksi la kwanza, tundu la mtutu wa kulia na la mtutu wa kushoto yalikaa pamoja, vidole vitatu vingetosha kuyafunika. Kwa boksi la pili, risasi ya mtutu wa kulia ilitua kushoto na ya kushoto ikatua kulia, kiganja kizima kati yao, na zote chini ya alama. Mzee mfuata nyayo alikuwa amechuchumaa pembeni. Akaitazama karatasi, kisha akaniuliza: "Afande, kesho anabeba boksi lipi?"

Swali lake ndilo ninalotaka kulijibu hapa, kwa sababu wengi wanaponunua au kuazima bunduki ya aina hii huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi.

Bunduki ya mitutu miwili ni bunduki mbili zilizounganishwa kwenye kitako kimoja. Ina vifyatulio viwili, na kwa kawaida cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, cha nyuma hufyatua wa kushoto. Kimoja kikikwama, kingine kinabaki. Kazi ngumu ya fundi ni kuifanya mitutu hiyo ipige mahali pamoja. Ukifyatua mtutu wa kulia, bunduki huruka juu na kusogea kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Ule wa kushoto huivuta kushoto. Kwa hiyo fundi haiweki mitutu sambamba. Huiinamisha kidogo ikaribiane mbele, hupiga risasi, hupasha lehemu moto, husogeza kabari ndogo iliyo kati ya midomo miwili, kisha hupiga tena. Anarudia hivyo mpaka matundu yakae pamoja kwenye umbali aliouchagua, ambao mara nyingi ni kati ya mita 50 na 100.

Kazi yote hiyo inafanywa kwa mjazo mmoja tu: uzito fulani wa kichwa cha risasi na kasi fulani. Badili mjazo, na umeivunja hesabu ya fundi. Risasi yenye kasi kuliko iliyokusudiwa hutoka kabla mtutu haujamaliza kusogea, hivyo risasi za mitutu miwili hupishana kama tulivyoona kwenye karatasi ile. Iliyo na kasi ndogo huchelewa kutoka, nazo hutawanyika, ya kulia ikaenda kulia na ya kushoto kushoto. Hakuna skrubu ya kurekebisha kasoro hiyo porini.

Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zimeandikwa mjazo wake kwenye chuma chenyewe. Ondoa kishikio cha mbele, tenganisha mitutu na kitako, geuza upande wa chini. Utakuta mihuri ya nyumba za London au Birmingham zinazojaribu usalama wa bunduki, na maneno kama cordite 70, bullet 480. Maana yake ni greni 70 za kordaiti, aina ya zamani ya baruti ya nitro isiyotoa moshi, nyuma ya kichwa cha greni 480, ambao ni mjazo wa .450 Nitro Express iliyoletwa na John Rigby mwaka 1898. Maandishi hayo ndiyo ya kufuata, si ushauri wa dukani.

Na hapa pana hatari ambayo sipendi kuipita haraka. Ganda la .450 Nitro Express lina umbo lilelile la ganda la zamani la baruti nyeusi la kaliba hiyo, lenye urefu wa inchi 3 na robo. Linaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, halafu mgandamizo wake unaweza kuipasua mikononi mwa mpigaji. Bunduki isiyo na mhuri unaoonyesha imejaribiwa kwa baruti ya nitro isipigwe risasi ya nitro hata moja.

Sasa kaliba. Kwa Tanzania, kiwango cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba ni .375. Kwenye bunduki za mitutu miwili, kaliba hiyo ilitengenezewa ganda lenye ukingo mpana kitakoni, na mgandamizo wake ni mdogo kuliko wa .375 ya kawaida. Ukingo huo si urembo. Kitoa ganda huushika vizuri, ganda likatoka mara moja. Ganda lisilo na ukingo hushikwa na kimeno kidogo cha springi, ambacho kinaweza kuteleza wakati mbaya kuliko wote.

Kwa mbogo, .450/400 (ganda la .450 lililobanwa shingoni libebe risasi ya .400) yenye kichwa cha greni 400 na kasi ya mita 640 hivi kwa sekunde ni silaha nzuri ambayo wengi huidharau. Haikupigi teke la kukufanya uogope kifyatulio. Kwa tembo wa karibu kwenye kichaka, ningependa kuona .470 au .500 mkononi, greni 500 na 570, zote zikienda kwa mita 655 hivi. Bunduki ya .470 huwa na kilo 4.5 hadi 5, na mtu wa kawaida anaweza kuibeba kutwa nzima. .600 yenye kichwa cha greni 900 hukaribia kilo 7, na saa nane mchana atakuwa amempa mtu mwingine aibebe.

Idadi hii ya kaliba zinazokaribiana ina historia yake. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za .450 nchini India na Sudan, ikihofia waasi wangezitumia kwenye bunduki za kijeshi za Martini-Henry. Mafundi wakasogeza kipenyo kidogo, zikazaliwa .465, .470, .475 na .476.

Kuna watakaonitajia Karamoja Bell, mwindaji wa pembe wa zamani, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275. Ni kweli. Lakini Bell alijua fuvu la tembo kama fundi seremala anavyojua mbao, na alichagua umbali na pembe mwenyewe. Mgeni wa siku 10 hana shule hiyo.

Kuhusu kichwa cha risasi, kambini tunasema softi na solidi. Softi hupanuka ndani ya nyama, na inafaa kwa simba na kwa risasi ya kwanza ya mbogo. Solidi haipanuki, bali hupenya. Ubongo wa tembo umejificha nyuma ya mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki, kwa hiyo kwa tembo ni solidi mitutu yote miwili, na zenye pua bapa hushika njia yao vizuri kuliko za mviringo. Mbogo aliye ndani ya kundi asipigwe solidi kwanza, maana inaweza kumpita ikamjeruhi jike aliye nyuma, na mnyama aliyejeruhiwa ni lazima afuatiliwe. Anayetangulia kumfuata ni mfuata nyayo. Vichwa vigumu vya shaba tupu visitumike kwenye mitutu myembamba ya zamani kabla fundi hajaikagua.

Jua nalo lina mchango wake. Kordaiti ilikuwa ikiongeza mgandamizo kwenye joto, hadi viwanda vikatengeneza mijazo iliyopunguzwa kwa ajili ya nchi za joto. Baruti za leo zimetulia zaidi, lakini bado sikubali boksi la risasi likae juu ya boneti saa saba mchana. Mgandamizo ukizidi, ganda linaweza kunasa chembani, na likinasa, mtutu huo umekufa.

Boksi la pili la yule mgeni tulilifungia stoo. Mchana wote alifanya mazoezi ya kujaza kwa maganda matupu, mawili yakiwa kati ya vidole vya mkono wa kushoto, mpaka akaacha kuyatazama. Asubuhi mzee alimwomba afungue mkoba wa risasi, akazikagua moja moja, kisha akatangulia.