Picha ya Mjomba, Saini ya Nani?

Wazazi wanaoniletea vijana wao huniuliza, kila mmoja kwa namna yake, iwapo mtoto atakayeamua kuishi kwa brashi atatengana na ndugu zake. Mimi hufundisha uchoraji wa Tingatinga, ule wa picha za wanyama na ndege kwa rangi zinazong'aa, na kabla ya kuwajibu huwaeleza jinsi mtindo huu ulivyoanza, kwa kuwa ulikulia mikononi mwa ndugu.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vifaa ambavyo fundi yeyote angevipata, yaani vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta iliyotumika kupaka baiskeli. Picha zilipopata wanunuzi pale Morogoro Stores, Oysterbay, aliwafundisha jamaa zake, wakiwamo Simon Mpata, Casper Tedo na January Linda. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, kazi ingeweza kufa naye. Ikaendelezwa na watu hao waliokuwa wamejifunza kwa kukaa karibu naye, na hatimaye mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika.

Rangi yenyewe nayo inadai watu wengi. Rangi ya mafuta hung'aa vizuri, lakini huchelewa kukauka, na ukitia madoa ya chui kabla ya rangi ya chini kushika, madoa hutapakaa na picha ikaharibika. Kwa hiyo mchoraji hapigi picha moja mpaka mwisho. Hupanga kadhaa ukutani, akapaka mandhari leo, akaweka maumbo kesho, kisha akamalizia madoa na mistari. Katika mpango huo mpwa asiyejua kuchora twiga anaweza kupaka mandhari, na binamu mwenye mkono mtulivu akapewa madoa. Mimi mwenyewe nilipaka mandhari za mjomba kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuchora hata ndege mmoja, na kusema kweli nilichukia kila siku yake, ingawa ndiko nilikojifunza kulainisha rangi ya bluu ikafifia hadi nyeupe bila kuacha alama ya brashi.

Ugumu ninaouona kwa wanafunzi wangu hujitokeza baadaye, kijana anapotaka mkono wake mwenyewe utambulike. Umbo la ndege alilorithi ni la mjomba, wateja wanalijua, na fedha zake ndizo zinazolipa ada za wadogo zake. Akiliacha, nyumbani wataona amewatupa, na akiling'ang'ania, atazeeka akinakili. Nilipoanza kuchora wavuvi wa Kunduchi wakivuta nyavu, mjomba aliitazama picha kwa muda mrefu, akauliza, "Hawa nani atawanunua?" Hakukosea, kwani ilikaa mwaka mzima bila kuuzwa. Tulielewana kwamba siku nne za juma ningechora ndege wake na siku mbili wavuvi wangu, nikinunua rangi ya wavuvi kwa fedha zangu.

Tangu hapo huwashauri ndugu wanaofanya kazi pamoja wapatane mapema, tena mbele ya mtu mzima wa ukoo, juu ya mambo ambayo kwa kuoneana haya huachwa bila kutajwa: nani anatia saini kwenye picha iliyopakwa na watu watatu, aliyeweka madoa anapata kiasi gani, na kijana akibuni umbo jipya, binamu zake waruhusiwe kulichora baada ya muda gani. Katika banda letu tulikubaliana miezi sita. Umbo likibuniwa, mwenyewe hulichora peke yake kwa muda huo, na ukiisha, huwekwa ukutani ili anayetaka alinakili, saini ikiwa ya aliyechora.