"Kind-hearted": irabu ya ziada huburuta mkazo

Jumatano nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu hapa Kondele, Kisumu. Anajiandaa kwa shindano la kuzungumza Kiingereza, na kila akifika kwenye "kind-hearted" anasoma ka-i-ndi-ha-te-di. Silabi sita! Nikamwambia aweke kiganja chini ya kidevu, kisha alitamke pamoja nami. Kidevu hushuka mara moja kwa kila silabi, na hapa kinashuka mara tatu tu: kind, heart, ed.

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, ndiyo maana anaziongeza. Ila kijana huyu kwao huzungumzwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na kila siku anasema "rech" (samaki) na "nam" (ziwa) bila kuweka chochote mwishoni. Ulimi wake unajua kufunga silabi tangu utotoni.

Kilichoniuma zaidi ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: NYUmba, lakini nyuMBAni. Ongeza silabi, mkazo unasogea. Basi irabu aliyoitia baada ya d ya mwisho ilibeba mkazo hadi kwenye "te", na "heart", lenye haki ya kukazwa, likafifia. Ukiiondoa hiyo irabu, mkazo unarudi wenyewe: kind-HEARTed.

Kiambishi -ed kimepata silabi yake kwa sababu kimefuata t. Kwenye "old-fashioned" hakina silabi.

Sasa muundo, na hapa ndipo ninapopapenda. Wengi hukata neno hili kuwa kind na hearted. Lakini nani husema "a hearted woman"? Kiambishi -ed kimeshika "kind heart" kwa pamoja, kama vile "mwenye" wetu anavyoshika "moyo mwema" kwa pamoja. Tofauti ni kwamba "mwenye" hutangulia, -ed hufuata. "Heartbroken" si hivyo: "broken" ni neno linalojitegemea, na mkazo uko mwanzoni, HEARTbroken.

Kuna jambo moja tena. "Kind-hearted" likitangulia nomino iliyokazwa mwanzoni, mkazo mzito hurudi nyuma ili mikazo miwili isibanane: a KIND-hearted WOman. Sentensi ya kijana ilikuwa hiyo hiyo, kuhusu nyanya yake. Aliirudia akigonga meza kwa kidole, kind, wo, mpaka "hearted" ikapita katikati kwa wepesi.